Rula Ilikuwa Imesimama

Mtaa wa Cherry,
Hudson, Massachusetts.
Jumapili, 21 Machi 1993.

Mpendwa Shangazi Deolinda,

Kuna sauti moja imenikaa masikioni tangu Januari, na kila nikishika kalamu kukuandikia ndiyo inayotangulia: rula ya chuma ikiburutwa juu ya karatasi, mstari mmoja, kisha mstari mwingine. Ni mkwaruzo mdogo tu, kama panya nyuma ya kabati. Nitakueleza. Lakini kwanza shikamoo, na baraka zako naziomba, maana Baba akijua nimeanza barua kwa rula kabla ya baraka atasema Amerika imeniharibu.

Hujambo lakini? Kifua kinaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ukungu wa huko kisiwani umekishika, na daktari wa mjini Angra amekupa dawa inayokusinzisha kanisani. Mama anauliza kama unaimeza au unawapa kuku, kwa kuwa anakujua. Paa la jikoni limezibwa? Na Bibi bado anagoma kuvaa miwani?

Sisi huku wazima. Wiki iliyopita ilianguka theluji ambayo hata wenyeji wameisimulia. Mlango wa mbele haukufunguka, Baba akatokea dirishani na koleo mkononi, akakwama nusu ndani nusu nje, Mama akamwambia abaki hivyo hivyo mpaka Pasaka. Mgongo unamuuma lakini kiwandani anaenda. Mama amefunga nyama Kwaresima nzima na anatufungisha na sisi, Ijumaa ni supu ya chaza, Jumatano ni supu ya sukuma wiki isiyo na soseji, na Baba anaikoroga kwa kijiko akitafuta kilichozama.

Jibini yako ilifika salama. Tuliikata siku ile ile. Nilikula na sikusikia ladha, lakini usiichukue vibaya, kosa si la jibini. Nimekuwa hivyo tangu katikati ya majira haya ya baridi. Umewahi kulalia mkono mpaka ukafa ganzi, ukauinua kwa mkono wa pili kama kitu cha mtu mwingine? Ndivyo nilivyo mwili mzima. Naamka, naoga, naenda kazini, nacheka wengine wakicheka. Mama anadhani ni mwanamume. Anazunguka zunguka na kuniuliza kama huyo mtu ana dini.

Katika barua ya Krismasi uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, kwa sababu maelezo ya Baba hayakukufaa. Hata mimi nimemsikia akiwaeleza wenzake pale klabu ya Roho Mtakatifu, wanapokutana watu wetu wa kisiwani: "Binti yangu anatafsiri maneno ya mashine kwa mashine nyingine. Nina miaka ishirini hapa na Kiingereza bado kinanipiga chenga, yeye anaelewana na vyuma." Shangazi, hakukosea sana.

Kila kompyuta ina ubongo wake, tunauita prosesa, na kila ubongo una lugha yake ya ndani kabisa, ya amri fupi fupi: chukua hiki, weka pale, linganisha, ruka. Kampuni yetu ina mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoamka kwanza na kuziongoza nyingine zote. Uliandikwa kwa amri hizo, moja moja, na vijana ambao leo wana wajukuu. Sasa ule ubongo wa zamani hautengenezwi tena. Tunachofanya ni kuuhamishia mfumo wote kwenye prosesa mpya, ambayo haielewi hata neno moja la ile ya kwanza.

Namna tunavyoifanya utaielewa kuliko wahandisi wengi, wewe uliyesoma prufu gazetini miaka yote ile. Uliniambia mmoja wenu alishika nakala ya mwandishi akaisoma kwa sauti mpaka nukta na mkato, na mwenzake akaifuata kwenye chapa. Sisi pia tunakaa wawili wawili. Anayeijua mashine ya zamani anasoma na kueleza kila amri ilitaka nini. Anayeijua mpya anaandika. Fungu moja la amri likiisha, wote wawili wanatia herufi za majina yao juu ya ukurasa wa kwanza. Bila herufi za watu wawili, fungu halitoki nje ya jengo. Ni desturi ya tangu kampuni ilipokuwa chumba kimoja, na hata mameneja hawajawahi kuigusa.

Msomaji wangu ni Alden Thurlow. Ni mmoja wa vijana wale wa mwanzo, sasa ana mvi mpaka kwenye nyusi, na sweta lenye tundu lililochomwa na kiko kwenye kiwiko. Kila mchana anakula mkate na maharage baridi, na ukimtazama anakuuliza kama umetumwa na serikali. Mkewe alifariki kabla sijaajiriwa. Nadhani hana kitu kingine zaidi ya kazi ile na theluji ya kuzoa mlangoni.

Alinipenda kwa namna ya watu wa huku, yaani kwa kunisumbua. Ile prosesa mpya anaiita mgeni wangu. "Mgeni wako ana mbio, Silveira, lakini adabu hana," anasema, maana huniita kwa jina la ukoo tu. "Ukimtuma chumvi na kiberiti, anarudi na kiberiti na kusema chumvi iko njiani." Na ni kweli. Ile ya zamani hufanya mambo kwa zamu, hili likiisha ndipo lile. Hii mpya huanza la pili kabla la kwanza halijatulia, kwa hiyo kila mahali penye haja ya kusubiri ni lazima kuiambia isubiri. Mambo mengi niliyofundishwa chuoni niliyaelewa mbele ya mzee huyu na maharage yake.

Sasa nirudi kwenye rula. Alden hulaza rula ya chuma chini ya mstari anaousoma, akimaliza anaiburuta mpaka mstari unaofuata. Ule mkwaruzo ndio ulionipa mwendo wa kuandika. Siku moja ya Januari tulikuwa kwenye fungu linaloandika kumbukumbu kwenye diski. Aliendelea kusoma kwa sauti ile ile tulivu, nami niliandika kwa muda kabla sijatambua kwamba kuna kitu kimepungua chumbani. Niliinua kichwa. Alden alikuwa anatazama dirishani, theluji inaanguka kwenye mapaa ya magari, na midomo yake inatoa amri baada ya amri bila kusita. Rula ilikuwa imesimama.

Niliendelea kuandika. Ni yeye aliyeliandika fungu lile, nikajiambia, na mtu anayejua rozari hatazami kitabu. Lakini alipokwenda kula niliivuta karatasi yake, nikalinganisha na niliyoandika mimi. Alichonisomea ni fungu kama alivyoliandika yeye ujanani. Kwenye karatasi lilikuwa limebadilika. Mwaka 1979 mwenzao mmoja, Bernice Oakes, aliongeza mstari wa kuizuia mashine isitangaze kuwa kumbukumbu imehifadhiwa kabla diski haijamaliza kuiandika. Aliuongeza kwa sababu kumbukumbu za mteja mmoja zilikuwa zimechanganyika, za huyu zikaingia kwa yule. Pembeni ameeleza hayo yote na kutia herufi zake. Bernice amekwisha kufariki. Alden aliupita mstari wake kana kwamba haukuwahi kuwapo, nami sikuuandika.

Nilirudi nyuma, kurasa za Desemba, za Novemba. Mahali pengi palikuwa sawasawa kabisa. Pengine palikuwa na mambo ya zamani yaliyokwisha kurekebishwa. Na pengine, Shangazi, palikuwa na amri ambazo hazimo kwenye karatasi yoyote niliyoweza kuipata, safi na zenye mantiki, kama mtu anayekusimulia kwa uhakika kuhusu nyumba ambayo haikujengwa.

Wiki ile ile tulikwama kwenye jambo dogo, akaweka penseli chini na kuniambia, "Hebu kamuulize Bernice, yuko karibu na ngazi." Niliinuka. Nilitembea mpaka kwenye ngazi, nikasimama pale karibu na dawati tupu, nikarudi nikamwambia hayupo. "Atakuwa kwenye chai," alisema. Tukaendelea.

Nilianza kusahihisha peke yangu wakati wa chakula. Haikuwezekana. Asubuhi moja ya kusoma ilizaa makosa zaidi ya niliyoweza kuyafukuza mchana, na sikuweza kumwambia apunguze mwendo bila kumwambia sababu. Nawe ujue mashine hizi zinakwenda wapi. Ya kwanza itakwenda kwenye hospitali, kwenye benki yao ya damu. Ndiyo itakayokumbuka chupa ipi ni ya kundi gani na ya mgonjwa yupi. Ile ya zamani wanayoitumia inakufa kidogo kidogo, wanaisubiri yetu kwa hamu, na siku ya kuipeleka ilikuwa imekwisha kupangwa, mara tu baada ya Pasaka.

Mwisho wa Februari nilimfuata Alden kwenye maegesho, anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake.

"Alden," nilimwambia, "kuna kurasa unazisoma bila kuzitazama."

"Niliziandika mimi, Silveira."

"Uliandika za kwanza. Zimebadilishwa."

"Kazibadilisha nani?"

"Nyingine Bernice. Ule mstari wa diski ni wake."

Aliendelea kukwangua mpaka kioo chote kikawa safi. "Bernice alikuwa sahihi siku zote," alisema. "Ilikuwa inaudhi." Halafu akaniuliza kama ni nyingi. Nikamwambia ni nyingi. Aliingia ndani ya gari akakaa mlango ukiwa wazi, mguu mmoja nje. "Nitamwambia Dennis mwenyewe," alisema. "Usinitangulie." Dennis Halloran ndiye mkuu wa idara yetu. Nikamwahidi sitamtangulia.

Nilingoja. Jumatatu alikuja, akavua kofia, akalaza rula. "Tulifika wapi, Silveira? Na usiniambie ulikuwa umelala." Jumanne hivyo hivyo. Nilimvumilia wiki nzima, nikijiambia anatafuta maneno, na mtu ana haki ya kutafuta maneno. Kisha nikamuuliza kama ameongea na Dennis.

"Kuhusu nini?" alisema.

Nikamtazama machoni, hakuna alichokuwa anaficha. Kwa hiyo nikamwambia tena, tangu mwanzo, kwa maneno niliyotumia kwenye maegesho. Alinisikiliza kama mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza. Na nilipotaja mstari wa diski akasema, "Bernice alikuwa sahihi siku zote. Ilikuwa inaudhi."

Nilitegemea kulia nikifika nyumbani. Nilikula, nikaosha vyombo, nikatazama televisheni na Baba.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Dennis. Dennis si mtu mbaya, naomba unielewe. Nusu ya jengo letu sasa ni tupu, na sakafu ina alama za madawati yaliyokwisha kuuzwa. Hospitali ikiikataa mashine, na nusu iliyobaki inafungwa. Alinisikiliza huku ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Unataka nimwambie mtu aliyeuandika mfumo kwamba hajui kuusoma," alisema.

"Nataka mafungu yasomwe upya. Yote tuliyofanya pamoja."

"Na nani? Wako wapi wasomaji? Nitajie mmoja."

Wa umri ule wameondoka wote.

"Natércia, mama yangu naye anasahau, na anaishi vizuri tu," alisema. "Tupeleke mashine kwanza. Makosa tutayarekebisha yakijitokeza, ndivyo ilivyo siku zote. Na yeye tutamfanyia sherehe ya kuagana mwezi wa sita, keki, kila kitu, hakuna atakayejua."

Nikamuuliza makosa ya benki ya damu yanajitokezaje. Akaweka kikombe chini. Alisema ana mkutano.

Alhamisi nilitafuta namba ya Lois, bintiye Alden aliye Maine, nikampigia. Sikujua nitaanzaje, kwa hiyo nilimwambia mimi ndiye ninayekaa na baba yake kazini. Nikamsikia akifunga mlango. "Hata mimi, Krismasi aliniita kwa jina la Mama," alisema. "Nikajifanya sikusikia." Tukaongea juu ya daktari, na juu ya gari, maana bado anaendesha kwenye barafu. Amesema anakuja kumchukua wiki hii. Alinishukuru, nikamjibu si kitu, na kweli nilivyokuwa naongea ilikuwa kama mtu mwingine ndiye anayeshika simu.

Nimekuchosha, na karatasi inaisha. Nisalimie Bibi, umwambie miwani si dhambi. Msalimie binamu Graça na mtoto, ambaye katika picha ana paji la uso la Baba, Mungu amsaidie. Msalimie Padri Honório na majirani wa mtaa wa juu, wale waliowapa hifadhi baada ya tetemeko. Mwambie Mjomba Adelino kwamba Baba amelikubali lile bao la karata alilokuwa analibisha tangu kiangazi, lakini analikubali kwa maandishi tu, ana kwa ana atakana. Mama anasema uletewe kitambaa cha mezani na yeyote atakayesafiri. Mungu akulinde kifua chako na paa lako, akupe usingizi wa kitandani, si wa kanisani.

Limebaki jambo moja, nalo nimeliacha mpaka huku mwisho kwa kuwa Baba na Mama hawajalijua, na nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hawajakupigia simu.

Ijumaa niliingia kazini mapema. Nilikwenda kwenye kabati la mafungu yaliyokamilika, nikatoa yote tuliyofanya mimi na Alden tangu vuli, nikayapanga juu ya meza. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kila fungu nilikata herufi zangu kwa wino, na chini yake nikaandika sababu, kama desturi inavyotaka: Niliandika nilichosikia, sikuandika kilichokuwa kwenye karatasi. Nikatia sahihi na tarehe. Mtunza kabati, mama mmoja anayeitwa Rosemary, alisoma la kwanza, akanitazama, kisha akayagonga yote muhuri wa kuonyesha hayajakamilika na kuyafungia rafu nyingine. Desturi ni desturi. Kabla ya mchana hospitali ilikuwa imeambiwa isubiri. Dennis alikuja mezani kwangu akaniuliza kama najua nilichofanya. Nikamwambia najua. Akasema nisije Jumatatu, wala siku nyingine mpaka nitakapoitwa, na sidhani kama nitaitwa. Jina la Alden sikuliandika popote. Herufi zake nimeziacha pale pale alipozitia.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye,

Natércia